Udongo Nilioulisha

Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa nusu wakati ndugu wa mume wangu alipoanza kulitaka shamba langu.

Kwetu, watu wa magharibi mwa Kenya, hata kama umezaliwa Nakuru na utafia Nakuru, mtu akishazikwa lazima kuwe na siku ya kunyoa. Ukoo unakaa, wafiwa wananyolewa, kisha watu wanaulizana marehemu ameacha nini na nani atakishika. Nilikuwa kwenye kigoda nje ya nyumba yangu, wembe uko juu ya sikio, siwezi hata kugeuza shingo. Yeye akachagua dakika hiyo. Fisi hana haraka, hungoja uanguke.

"Wazee," akasema, "mimi sina ubaya na shemeji. Lakini kila mtu hapa ako na macho. Baba alitugawia shamba moja, akapanda mkonge katikati. Kaka akapewa juu, mimi nikapewa chini. Sasa angalieni juu. Nyeusi kama makaa. Angalieni chini. Majivu. Kaka alipendwa, na mimi nilinyamaza kwa sababu alikuwa kaka. Leo kaka hayuko. Tubadilishane."

"Tubadilishane nini?" nikauliza, nikiangalia ukuta.

"Mama, usiongee, nitakukata," mwanamke aliyekuwa akininyoa akaninong'oneza.

"Nikate," nikamwambia. "Huyu ameshanikata."

Shamba lenyewe liko upande wa Salgaa, chini kidogo ya barabara kuu. Ukikaa kimya unasikia malori yakishuka mteremko, breki zinalia. Nyumba, zizi na makaburi viko juu kabisa karibu na barabara. Nyuma yake ndilo shamba la juu, halafu mstari wa mkonge, halafu shamba la chini. Baba mkwe alilinunua zamani na wenzake wa reli, akaligawa kwa mdomo, akafa bila kubadilisha hati. Mpaka leo hati ina jina la maiti. Kwa hiyo shamba letu ni la maneno, na katika ile familia mwenye maneno mengi ni shemeji.

Mimi sikuzaliwa na udongo. Nilizaliwa Bondeni, katika zile nyumba za baraza la mji, chumba kimoja, baba akiwa kibarua wa reli. Udongo wetu ulikuwa ndani ya madebe yaliyotoboka, na mama alipanda sukuma wiki humo. Maganda ya viazi, majani ya chai, maji ya kuoshea omena, vyote vilienda kwenye debe. Majirani walimcheka mchana, na jioni wakaja kumwomba mboga. Shule niliacha darasa la nne, lakini somo la debe nililimaliza: udongo una mdomo. Unakula, unashiba, unanyauka kwa njaa kama wewe na mimi.

Nilipoolewa na kuletwa hapa, juu na chini vilikuwa kitu kimoja. Ninarudia: kitu kimoja. Vumbi jepesi la mlima, ukitema mate linajikunja kama unga. Nilibeba ndoo yangu ya kwanza ya samadi nikiwa na mimba ya kijana wangu. Tangu siku hiyo, kila kinyesi cha ng'ombe wangu, kila bua, kila ganda la maharagwe, kila kilichozolewa chini ya kuku, vyote viliingia shamba la juu. Nilibeba mpaka nywele za utosini zikaisha. Yule mwenye wembe siku ile hakuwa na kazi nyingi. Na shemeji huko chini? Alichoma mabua kila mwaka ili shamba lionekane safi. Aliita trekta ligeuze, akamwaga mbolea ya gunia, mavuno yakiisha akawakaribisha watu wa mbuzi wamalizie mizizi. Kufuga ng'ombe alisema ni kazi ya wanawake. Halafu anasimama kwenye matanga na kusema baba alimpendelea mtu.

Mkubwa wa ukoo ni baba mdogo wa mume wangu, mzee wa kofia ya sufi hata jua liwake namna gani. Alikuna shavu, akasema, "Tusiamue na machozi. Tungoje. Mavuno yajayo tutaketi tena. Mama huyu akituonyesha kwamba ule weusi ni mkono wake, na si upendeleo wa marehemu baba, tutajua la kusema."

Basi hiyo ndiyo kesi yangu. Nikionyesha, shamba langu linabaki. Nikishindwa, linakwenda.

Mavuno yajayo hayakuja. Mvua ndefu ilikataa, ile fupi ikakataa pia. Upepo uliokota shamba la chini la shemeji, ukalipeleka barabarani, madereva wakawa wanawasha taa mchana. Mbuzi walikwenda Salgaa kula makaratasi ya chipsi nyuma ya hoteli. Pikapu zilipita kununua ng'ombe waliokuwa hawawezi kusimama. Wanaume waliwainua kwa mkia, na mwenye ng'ombe aliangalia pembeni. Wangu alibaki kwa sababu nilikuwa nimeweka mabua juu ya paa la zizi, na kwa sababu nilimpa maji kabla sijanywa. Mkaza mwana wangu, mke wa yule kijana wangu anayefanya kazi Olkaria, alisema, "Mama, unampenda huyo ng'ombe kuliko sisi." Nikamwambia, "Nyinyi mnakunya chooni. Mnanisaidia nini?"

Ndipo msichana wa chuo kikuu akaja, amevaa buti za mvua katika nchi isiyo na mvua.

Alikuwa mwembamba, mpole, anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Aliniambia anatafuta mashamba mawili yaliyo jirani, udongo wa asili moja, moja limelishwa samadi miaka mingi na lingine halijalishwa.

"Mchanga wako nimesikia watu wakiusema mpaka Rongai," akasema.

Nilikaa wima. Nani hapendi kusifiwa?

"Nataka kujua ukame unawafanya nini wale wanaoishi ndani, kukhu," akasema. Aliniita kukhu, nyanya, bila kufundishwa, nikampenda kidogo. "Ni viumbe vidogo sana, jicho halivioni. Ndivyo vinageuza samadi kuwa chakula cha mahindi."

"Wapangaji," nikasema.

"Ati?"

"Kama Bondeni. Nyumba moja, watu wamejaa, kila mmoja na kazi yake. Mimi ndiye mwenye nyumba, ninawaletea chakula, wao wananilipa na mahindi. Jua likiwaka hivi, wanahama?"

Akacheka, akaweka mkono mdomoni. "Wengine wanakufa. Wengine wanajifungia, wanalala, wanangoja maji. Nataka kuona kama waliokula samadi watavumilia zaidi."

Nikaiona kesi yangu imeingia na buti. Nikamwambia achimbe anapotaka.

Lakini wakati huo mawingu yalianza kukusanyika upande wa Mau, na yule mtoto akaogopa mvua itamharibia ukame wake. Akaleta mafundi. Wakasimamisha nguzo, wakaezeka plastiki nyeupe inayopitisha jua, wakaweka na mifereji ya kutupa maji mbali. Kipaa kimoja kwangu, kimoja kwa shemeji. Nasema ukweli: watu walikuwa wamefunga, wamekesha makanisani wakiomba mvua, na katika boma langu palijengwa nyumba ya kuikataa.

Wanawake wa kwenye bomba la maji hawakunisamehe. "Sasa Mungu akileta, wewe unaweka plastiki," mmoja akaniambia. "Mathe, mwambie huyo msichana aje ajenge paa juu ya njaa yetu, izuie hiyo."

"Paa ni dogo kuliko mdomo wako," nikamjibu. "Kama lingeweza kuzuia mvua ya nchi, lingekuwa limeshazuia hayo matusi."

Shemeji alikubali upesi sana. Alizunguka nguzo akizipiga makofi. "Plastiki hii mkimaliza mnaniachia?" Alipoambiwa labda, akawa rafiki wa elimu.

Tukapanda mahindi chini ya vipaa, siku moja, mbegu moja. Msichana alimwagilia mwanzoni, sawasawa kwangu na kwa shemeji, kisha akafunga maji. Alikuja mara kwa mara kuchota udongo kwa kijiko, akautia ndani ya sanduku la barafu na kuondoka nao. Watu walicheka mpaka wakaumwa na mbavu. Watoto wao walikuwa wanakunywa maji ya moto wa jua kutoka kwenye mtungi, na udongo wangu ulikuwa unasafiri kwenye barafu kama bibi harusi.

Mwanzo nilitembea kifua mbele. Mahindi yangu yaliruka. Majani mapana, kijani cha chupa. Ya shemeji yalikuwa kama nyasi za kaburini. Nilikuwa nikipita pale kila asubuhi na ng'ombe, polepole, ili nionekane.

Kisha yangu yakaanza kunyauka. Kwanza yalijikunja saa sita, yakanyooka jioni. Baadaye hayakunyooka tena. Yalikauka yote, marefu, yamesimama kama watu walionyongwa. Na zile nyasi za shemeji, vile zilivyo fupi na mbovu, zilibaki kijani.

Jumapili baada ya ibada alileta umati. Alikuwa bado ameshika Biblia.

"Njooni muone samadi!" akaita. "Karibuni! Hii ndiyo mkono wa shemeji! Amebeba mavi miaka yote hiyo, na jua likija, angalieni nani amesimama."

"Pole, mama," mtu akasema nyuma, na wengine wakacheka kwa sababu aliisema kama mtu anayemwambia mlevi pole.

Mzee wa kofia ya sufi alikuwepo. Hakucheka. Aliangalia mahindi yangu, akatikisa kichwa polepole. Hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Msichana alipokuja nilimngoja kwenye lango. "Wewe umekuja kuniua na hicho kipaa chako."

"Kukhu, sikiliza. Yako yalikuwa na majani mengi. Yalikunywa haraka, yakamaliza maji. Yale mengine yalidumaa, hayakuwa na kiu kubwa. Haimaanishi udongo wako umekufa."

"Mimi najua haujafa. Waambie hao."

"Siwezi kusema kitu ambacho bado sijakipima."

"Na wao wanasema kitu ambacho hawajakijua, na wanasikilizwa."

Alikuwa mkweli, yule mtoto. Ukweli wake ulikuwa kama kuku wa kigeni: mzuri, lakini yai lake unalingoja.

Mvua ilikuja mafundi wakiwa wameshaviezua vile vipaa. Ilianza mchana, matone makubwa yaliyochimba vumbi. Nilikuwa nimesimama chini ya ukingo wa paa langu na harufu ikapanda kutoka shamba la juu, ile harufu ya mvua ya kwanza, nzito, unaweza kuitafuna. Hata pale kipaa kilipokuwa kimesimama, palipokuwa pamekauka kuliko pote, palinukia. Nikavua viatu, nikashuka mpaka ng'ambo ya mkonge, nikainama shamba la chini nikanusa. Vumbi lililoloa. Basi. Kama sakafu ya hoteli iliyomwagiwa maji.

Nilimpigia msichana simu nikiwa nimelowa. Akafurahi hata akasahau upole wake. "Kukhu, hiyo harufu ni wao! Wanaamka! Hiyo harufu wanaitoa wao wenyewe!"

"Wapangaji wangu?"

"Wapangaji wako."

Nililia kidogo, siwezi kukataa. Halafu nikamwambia asilete makaratasi kwa wazee, wazee hawasomi harufu. Alete kitu cha kuonwa. Akafikiri, akaomba kitambaa cha pamba tupu. Nikampa shati jeupe la shule la mjukuu wangu wa kike, lililokuwa limembana. Akalikata katikati mbele ya shemeji, nusu akaifukia pale kilipokuwa kipaa changu, nusu pale kilipokuwa chake, kina kimoja. "Wakiwa hai watakula pamba," akasema. "Wakiwa hawapo, haitaliwa."

Shemeji alikubali, akicheka. Alikuwa hajawahi kuona udongo ukila nguo.

Wazee walikaa mvua ilipokata. Wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye nyasi, mimi nimesimama kwa sababu kesi ni yangu. Msichana alikuja na koleo. Akaanza chini. Akafukua nusu ya shati la shemeji, akaikung'uta. Nzima. Chafu, lakini nzima. Mkaza mwana wangu akasema kwa sauti, "Hiyo ukifua mtoto anaenda nayo shule kesho," na wanawake wakashangilia.

Tukapanda juu. Akachimba kwangu. Akachimba tena, nikafikiri kumeibwa. Halafu akatoa kitu kwa vidole. Ulikuwa uzi wa mshono na kifungo kimoja. Pamba yote ilikuwa imeliwa. Minyoo miwili ilining'inia kwenye uzi kama inadai iliyobaki.

"Na pale ndipo mahindi yake yalikauka!" mtu akasema. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nilimtazama shemeji usoni mpaka akainamisha kichwa, na hiyo nilikula kama nyama.

Nikawaambia wazee, "Baba mkwe hakumpendelea mtu. Alitupa mashamba mawili sawa. Huu weusi haukutoka kwa baba, haukutoka kwa bahati. Udongo unatengenezwa. Huu niliutengeneza mimi."

Mzee alivua kofia yake ya sufi. Alikuwa na kipara kinachong'aa, sikuwahi kukiona.

"Mama, umetushinda," akasema. "Hakuna mtu hapa atabishana. Baba yenu alikuwa mwadilifu, mashamba yalikuwa sawa, na hii nyeusi ni mkono wako. Tumekubali?"

"Tumekubali," wakaitikia.

"Vizuri. Sasa, kama ni mkono, mkono unatembea na mwenyewe. Huyu mtoto wetu hana huo mkono, ameshindwa mbele yetu wote na aibu amepata. Na ni mwanamume wa boma hili, ana watoto wa kulisha. Wewe mama watoto wako wameshakua, mmoja ako na kazi Olkaria. Mpe huyu juu, apate pa kuanzia. Wewe shuka chini ukatengeneze. Si umesema udongo unatengenezwa?"

Halafu wanaume wakaanza kupiga makofi, hasa wale wapumbavu zaidi, wakisema huyo ndiye mzee, hiyo ndiyo hekima, hakuna aliyeshindwa. Msichana alifungua mdomo. Hakuna aliyemwuliza. Shemeji aliinua kichwa polepole, kama mtu anayeamshwa na habari njema.

"Miaka niliyobeba," nikasema, "mnaiweka wapi?"

"Mungu ameiona," mzee akasema, akavaa kofia.

Nilimpigia kijana wangu. Huko Olkaria wanachimba ardhi mpaka inatoa mvuke, kelele yake ilikuwa nyuma ya sauti yake kama sufuria inayofurika. Nilimweleza yote. Akasema, "Mama, kubali tu. Udongo ni udongo."

Udongo ni udongo! Mtoto niliyemlea kwa huo huo. Nilikata simu. Mkaza mwana aliniuliza amesemaje, nikamwambia, "Mume wako amesema atapika chai na ule mvuke wake."

Nikashuka chini.

Msimu wa kwanza shemeji alivuna mpaka akakosa pa kuweka. Alipita kwangu na gunia begani makusudi, njia nyingine ilikuwepo. "Asante kwa samadi, shemeji," akasema. Mimi huko chini nilivuna magunzi yasiyozidi kidole gumba. Ng'ombe mmoja, ndoo moja, mwanamke mmoja wa magoti mabovu. Udongo wa chini ulimeza kila nilichoupa bila hata kushukuru, kama mgonjwa anayekunywa uji na hanenepi.

Kisha akachoma mabua. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mboga. Moshi uliingia nyumbani kwangu, ukanitoa machozi, na watu waliopita walifikiri nalia. Ule moto ulitembea juu ya shamba langu mstari kwa mstari, taratibu, na mimi nikawafikiria wapangaji wangu wakiona chakula chao kikiondoka kwa njia ya hewa. Baada ya moto akaleta trekta. Baada ya trekta akaleta watu wa mbuzi. Alifanya juu kila kitu alichofanya chini, hakusahau hata kimoja.

Kila siku nilipita katikati ya shamba lile na ng'ombe wangu kwenda chini, maana njia ni hiyo, na kila siku niliangalia. Msimu wa pili mahindi yake yalikuwa mazuri. Uliofuata yalikuwa ya kawaida. Baadaye yakawa manjano chini, zambarau pembeni. Weusi ulianza kutoka kwenye udongo kama rangi ya kanga ya bei rahisi. Wangu wa chini ukawa kahawia. Kahawia nzito. Nikichimba nilikuta mnyoo, nikamfunika haraka nisimsumbue.

Kiangazi kingine kikaja. Hakikuwa kikali kama kile cha vipaa, lakini kilitosha. Mvua ilipoanguka nilisimama tena chini ya ukingo wa paa langu, nikangoja harufu. Shamba la juu, lililo mbele ya pua yangu, halikutoa kitu. Vumbi lililoloa. Kisha upepo ukageuka, na harufu ikaja kutoka mbali, ng'ambo ya mkonge, hafifu kidogo, ikipanda. Nilicheka peke yangu mpaka mkaza mwana akatoka kuona kuna nini.

Wiki ile ile shemeji alimtuma mke wake na wilbaro. Yeye mwenyewe alibaki kwenye mkonge, anajifanya anafunga kamba.

"Mama," mke wake akaniambia, "ameuliza kama unaweza kutugawia samadi kidogo. Wilbaro moja tu."

"Mwambie udongo unatengenezwa."

"Mama, tafadhali. Watoto."

"Watoto wako nawapa maziwa. Waje na kikombe jioni. Samadi, hapana."

"Lakini ni shamba lako hilo," akasema, na masikini alisema kwa upole, hakujua anachokigusa. "Wewe ndiye ulilitengeneza. Utaliacha life?"

"Nililizika siku ile mzee alipovaa kofia," nikamwambia. "Rudisha wilbaro kabla haijaota kutu hapa kwangu."

Msichana wa chuo alikuja baadaye, sasa ni mtu mzima, ana miwani. Alichota udongo juu, akachota chini, akaondoka na sanduku lake, akarudi. Uso wake ulikuwa kama wa daktari anayetafuta kiti. Wapangaji wa chini wanaongezeka, akasema. Wale wa juu wanaisha, jamii kwa jamii. Lakini bado wapo wachache wamejifungia. "Kukhu, wakipata samadi sasa, hata kidogo, wataamka. Ukingoja sana hawatakuwepo wa kuamka. Unaweza kuwaokoa."

"Ninajua ninaweza."

Alinitazama. Nadhani alikuwa anatafuta ule ubibi ambao watu hufikiri kila mwanamke mzee anao, ule wa kusamehe na kugawa ndizi. Nilimwacha atafute. Nikampa chai, akanywa, akaenda.

Sasa asubuhi ni hivi. Ninamfungua ng'ombe, huyu ni binti wa yule wa zamani, ana paji jeupe. Tunapita kati ya shamba la juu kwenda chini. Ndoo iko mkononi, na kipande cha bati. Ng'ombe hana siasa: akishikwa, anashikwa. Leo ameinua mkia katikati kabisa, pale pale kipaa kilipokuwa kimesimama. Kinyesi kikubwa, kizuri, kinatoa moshi kwenye baridi ya asubuhi. Udongo chini yake ulikuwa mweupe, umepasuka, umefungua mdomo. Shemeji alikuwa kwenye mkonge anatazama, na mkaza mwana alikuwa nyuma yangu na jembe.

Nilipiga magoti. Magoti yalilia. Nikakomba kwa bati, nikakomba tena kwa mikono mpaka nikatoa hata ule unyevu uliokuwa umeanza kuingia.

"Mama," mkaza mwana akasema taratibu, "hata hiyo?"

"Hata hii," nikasema, nikajipangusa mikono ndani ya ndoo, nikashuka nayo.